Shule Yenye Boriti na Uwanja

Swali la kwanza tulilokuwa tukiiuliza shule yoyote lilihusu boriti. Je, boriti za paa la ukumbi wa michezo ni za chuma au za mbao, na kuna mhandisi aliyewahi kuandika zinabeba uzito gani? Swali la pili lilikuwa mapazia: madarasa na ukumbi mkubwa vinaweza kutiwa giza mchana? La tatu lilikuwa uwanja. Watu wataruhusiwa kupiga mahema na kulala usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi, na vyoo vitabaki wazi mpaka alfajiri? Bei ilikuja baada ya hayo, maana shule iliyokosa mambo hayo matatu haikutufaa hata kama ingetolewa bure.

Nazungumzia mkutano wa taifa wa watu wa mapango wa Uingereza, ambao miaka ya baadaye ulijulikana kwa jina la Hidden Earth. Ulikuwa chini ya British Cave Research Association, chama kilichozaliwa mwaka 1973 vyama viwili vya zamani vilipoungana. Chama kilikuwa na wanasayansi na majarida yake, lakini mkutano wenyewe uliendeshwa kwa kujitolea. Aliyevuta nyaya za umeme alikuwa mwanachama, aliyechemsha chai mwanachama, aliyekaa mlangoni na daftari la majina mwanachama, na Jumatatu kila mmoja alirudi kwenye kazi yake ya mshahara. Mimi nilikuwa muuguzi. Niliingia kupitia sanduku la huduma ya kwanza, nikajikuta kwenye kazi ya kutafuta mahali pa kukutania, na kazi hiyo nikaifanya kwa miaka mingi kuliko niliyokaa kwenye wodi yoyote.

Watu wa nyumbani huniuliza mtoto wa Kiomoni alifikaje huko. Kiomoni iko kilomita chache tu kutoka Tanga mjini, na jirani yake ndiyo mapango ya Amboni. Utotoni tuliambiwa pango linakwenda mpaka Mombasa. Wengine walisema linatokea Kilimanjaro. Tulizijua habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, waliojificha humo wakisakwa na askari wa mkoloni. Tulijua pia kwamba wazee wana mahali pao pa tambiko, na kwamba mtu haingii kule bila shughuli. Basi nilipofika Yorkshire mwishoni mwa miaka ya 1970 kusomea uuguzi, na mwenzangu wa bwenini akaniambia Jumapili anakwenda pangoni, nilimuuliza anakwenda kumwomba nani. Akasema haendi kuomba, anakwenda kuona. Jibu hilo lilinikaa kichwani juma zima, na Jumapili iliyofuata nikafuatana naye.

Safari iliyonifunga kabisa ilikuwa ya Gaping Gill. Kijito kiitwacho Fell Beck kinateremka ubavuni mwa mlima Ingleborough, kinafika kwenye shimo na kutumbukia karibu mita 100 hadi kwenye chumba kikubwa cha chini. Mfaransa Édouard-Alfred Martel alishuka humo kwa ngazi ya kamba mwaka 1895. Vilabu viwili vya huko, kimoja mwishoni mwa Mei na kingine Agosti, hufunga winchi juu ya shimo na kumshusha yeyote aliyelipa nauli. Nilikalishwa kwenye kiti kidogo, nikaning'inia pembeni mwa maji yanayoanguka, na nilipofika chini sikutaka kupandishwa. Sijapata kueleza vizuri furaha ile kwa mtu ambaye hajaiona. Miaka iliyofuata niliingia klabu, nikajifunza kupanda na kushuka kwa kamba. Mimi niliyekulia kwenye mkonge, kamba nilikuwa nikizijua tangu utoto, lakini si zile za nailoni, nyembamba kuliko kidole, ambazo watu walizikabidhi roho zao.

Mkutano ulikuwa ukifanyika vuli, na kwetu mara nyingi ilikuwa Septemba inapokwisha. Vikundi vya Uingereza hutumia majira ya joto kwenda kuchunguza mapango ya nchi za nje, na vuli ndiyo wakati wa kurudi na kusimulia. Kwenye kumbi zile nilisikia habari za milima ya Picos de Europa kule Hispania na za majabali ya Austria, ambako wanafunzi wa Oxford na Cambridge walirudi mwaka hadi mwaka wakisukuma kina kidogo kidogo. Nilisikia habari za Sarawak. Mwaka 1981 Andy Eavis na wenzake wawili waliacha ukuta wa pango waliokuwa wakiufuata, wakakata katikati kwa dira kutafuta ukuta wa pili, wakatembea na kutembea bila kuuona, mpaka wakaelewa kwamba wamo ndani ya chumba kikubwa kuliko chochote kilichojulikana chini ya ardhi. Chumba hicho kina urefu wa mamia ya mita. Hadithi hiyo niliisikia mara nyingi na kila mara ukumbi ulinyamaza palepale.

Palikuwa na mfuko wa fedha uitwao Ghar Parau. Mwaka 1971 Waingereza walikuta pango lenye jina hilo kwenye milima ya Zagros, Irani. Wakarudi mwaka uliofuata na vifaa vingi na matumaini ya rekodi ya dunia, wakakwama kwenye kina cha mita 751. Fedha zilizobaki hawakugawana. Waliziweka ziwe msaada kwa vijana wanaotaka kufanya safari zao wenyewe. Wengi waliosaidiwa na mfuko ule walisimama mbele yetu na slaidi zao, wakitetemeka sauti, wana miaka 20 au 21, wakieleza shimo ambalo macho yao ndiyo ya kwanza kuliona. Hao ndio niliokuwa nikiwafikiria kila nilipochukua simu kupigia shule.

Na sitasahau chumba kidogo cha pembeni ambamo nilisikia habari za Afrika Mashariki. Slaidi za kutoka Kenya zilionyesha Suswa, na Leviathan kwenye milima ya Chyulu, mapango yaliyotobolewa na lava iliyokuwa ikitiririka, ambayo Cave Exploration Group of East Africa waliyapima. Leviathan ina zaidi ya kilomita kumi. Nilikuwa nimepita karibu na Chyulu nikiwa ndani ya basi, natazama vilima vya kijani, sijui kilicho chini yake. Baada ya maelezo nilibaki nimekaa, nikamwuliza mzungumzaji maswali mpaka wenye zamu ya chumba wakatuomba tutoke.

Nikirudi kwenye kutafuta mahali: Uingereza ina maeneo manne makubwa ya mapango. Kaskazini kuna Yorkshire Dales, katikati Peak District, kusini-magharibi Mendip, na ng'ambo ya mto Severn Wales ya Kusini. Kutoka Ingleton ya Yorkshire hadi Mendip ni karibu kilomita 400 kwa barabara. Mkutano ukifanyika Yorkshire mfululizo, watu wa Mendip husema umekuwa mkutano wa kaskazini. Ukienda Wales, wa kaskazini huhesabu mafuta ya gari. Kwa hiyo tuliuzungusha. Lakini miji iliyo karibu na mapango ni midogo, ya wafugaji wa kondoo, yenye hoteli mbili tatu na baa nne. Ina shule ya sekondari moja, labda mbili. Ikiwa shule hiyo haina ukumbi wa kukalisha watu mia tatu, basi mji wote umetoka kwenye orodha.

Miaka ya 1980 mara nyingi tulitumia majengo ya vyuo. Vyuo vilikuwa na kumbi zenye viti vya ngazi na projekta tayari, na hilo lilikuwa jema. Ubaya wake ni kwamba viko mijini. Hakuna pa kupiga hema, vyumba vya bweni vinalipiwa, na gari linaegeshwa mbali. Mwanafunzi aliyekuja kwa kuomba lifti barabarani, ana sleeping bag mgongoni na mkate kwenye mfuko, alikuwa analala sakafuni kwa rafiki ikiwa ana rafiki. Asipokuwa naye, haji. Hilo nililiona mapema nikiwa mezani kwangu kwenye huduma ya kwanza, kwa sababu vijana walikuwa wakinijia asubuhi na maumivu ya shingo, nami nikauliza walilala wapi.

Shule ya sekondari yenye uwanja ilimaliza tatizo hilo. Mtu alilipa kiingilio na pesa kidogo za hema, akaoga kwenye bafu za wanamichezo, akala kifungua kinywa bwaloni kwa bei ya wanafunzi. Basi sisi wa kamati tukawa watu wa shule. Tuliandika barua, tukapiga simu, na Jumamosi tulipanda magari yetu kwenda kutazama. Nilikuwa na daftari la jalada la kijani ambamo kila shule ilikuwa na ukurasa wake. Niliandika upana wa mlango wa ukumbi wa michezo, na kama gari dogo la wauzaji wa vifaa linaweza kurudi nyuma mpaka hapo. Niliandika mahali pa bomba la maji kutoka kwenye uwanja, na idadi ya soketi kila darasa. Niliandika madirisha yanatazama upande gani, kwa sababu Septemba jua la jioni huingia chini chini na hakuna pazia jepesi linaloweza kulizuia, na slaidi ya pango ni picha nyeusi tangu mwanzo. Palikuwa na mashindano ya picha, na ya maonyesho yaliyotumia projekta mbili zinazofifishana huku muziki ukipigwa. Mtu aliyeshinda usiku mzima ndani ya maji ya baridi ili apate picha moja anastahili giza kamili.

Boriti zilihitajika kwa ajili ya mashindano ya kupanda kamba. Wageni hudhani unahitaji jengo refu, kumbe sivyo. Kamba inapita kwenye puli juu ya boriti na kwenye breki iliyo chini, na msimamizi anaiachia kadiri mshindani anavyopanda. Mtu anapanda mita thelathini, anatokwa jasho, na bado yuko mita chache tu juu ya sakafu, mbele ya macho ya wote. Ni mchezo mzuri sana kutazama, na ulivuta watoto wengi. Ila uzito wa mtu anayeruka ruka kwenye kamba si sawa na uzito wa mtu aliyetulia, na boriti lazima ivumilie mivuto hiyo siku nzima. Mwenzetu mmoja alikuwa mhandisi wa majengo, na neno lake lilikuwa la mwisho. Nimeona shule nzuri, yenye mkuu mkarimu, uwanja wa kijani na bwalo jipya, ikiachwa kwa sababu yeye alitazama juu na kutikisa kichwa. Hatukubishana naye hata mara moja. Watu wa mapango hawabishani na anayekagua pale kamba inapofungwa.

Kitu kingine kilichohitaji nafasi kilikuwa mashine ya kujibana: mbao mbili zilizolala, moja juu ya nyingine, zenye skrubu za kuzisogeza. Unatambaa kati yake, unatoka, zinapunguzwa, unarudi tena. Nilikaa karibu nayo kila mwaka. Ilikuwa kazi yangu kumwambia mtu kwamba mbavu zake zimefika mwisho.

Katika kazi hii niligundua kwamba mtu wa kuonana naye kwanza ni mtunza majengo. Mkuu wa shule anaweza kukubali kwa barua nzuri, na kweli bila idhini yake hakuna kitu. Lakini mtunza majengo ndiye anayejua kwamba ukiwasha birika tatu za umeme kwenye upande ule wa bwalo, umeme wa ukumbi unakatika. Anajua kengele ya wezi ya korido ya sayansi inajiwasha saa sita usiku, na mlango upi haufungi vizuri. Tulikuwa tukifika na mimi nasema nionyeshe jengo lako. Uso wa mzee ukibadilika akiisikia hiyo "lako", nilijua tutaelewana. Mmoja, katika mji mdogo wa mpakani mwa Wales, alinitembeza saa mbili nzima, akanionyesha mpaka chumba cha boila, na mwisho akauliza mapango yako umbali gani kutoka hapo, kwa sababu alizaliwa mji ule na hakuwahi kuingia hata moja. Mwenzetu mmoja alimpeleka majira ya kuchipua yaliyofuata. Tulipokuja Septemba alikuwa na helmeti yake mwenyewe.

Mzigo mkubwa kuliko yote ulikuwa Ijumaa. Septemba shule zimeshafunguliwa. Watoto wanatoka saa tisa na nusu, sisi tunapokea funguo saa kumi, na wageni wanaanza kufika saa mbili usiku. Katika muda huo madawati mia kadhaa yanahamishwa, na kila chumba tumekipiga picha kwanza ili kirudishwe kama kilivyokuwa. Sakafu ya ukumbi wa michezo inatandikwa, maana ni ya mbao laini na matope yanaikwangua. Nyaya zinavutwa, alama zinabandikwa, mistari ya mahema inapimwa ili gari la zimamoto liweze kupita. Jumapili jioni yote yanarudi nyuma. Jumatatu asubuhi mtoto wa darasa la kwanza la sekondari anafungua dawati lake na hapaswi kujua kwamba tulikuwepo. Hiyo ndiyo heshima tuliyoidai kwetu wenyewe. Shule ikituita tena, ilikuwa kwa sababu ya Jumatatu ile.

Kati ya Ijumaa na Jumapili hiyo palikuwa na uhai ambao sijauona kwenye mkutano mwingine wowote, na mikutano ya hospitali nimeihudhuria mingi. Kwenye korido profesa wa jiolojia anamsikiliza fundi bomba aliyechimba udongo pangoni kila Jumatano jioni kwa miaka, kwa sababu fundi bomba ndiye aliyefika mbele zaidi. Waokoaji wa Cave Rescue Organisation ya Clapham, iliyoanzishwa mwaka 1935, wana meza yao na kopo la michango, na hakuna apitaye bila kutia kitu, maana kila mtu hapo anajua ni nani atakayemfuata akivunjika mguu chini ya ardhi. Baada ya Ogof Draenen kufunguliwa mwaka 1994 huko Wales ya Kusini, na njia zake zikaendelea kuongezeka kilomita kwa kilomita, watu walisimama ukutani na kukaa kwenye ngazi kusikia yaliyopatikana. Ilikuwa nchi iliyodhani inajijua.

Upinzani dhidi ya kutumia shule ulikuja kutoka ndani, na ulikuwa na haki yake. Mhazini wetu, mtu mwaminifu aliyefanya hesabu zile bila malipo kwa miaka mingi, alileta pendekezo tuhamie hoteli yenye kumbi za mikutano. Hakuna kuhamisha madawati, hakuna kutandika sakafu, chakula kinapikwa na wenye hoteli. Alisema wanaobeba kazi ni watu wale wale, wanazeeka, migongo inauma, na siku moja hawatakuja. Kila alichosema kilikuwa kweli. Nilikuwa nikiwafunga bandeji watu hao hao Jumapili jioni.

Nilisimama nikazungumza juu ya bei ya kitanda. Mwaka 1990 serikali ilisimamisha kupanda kwa ruzuku za wanafunzi na kuanzisha mikopo. Mwaka 1998 ikaja ada. Vijana waliokuwa wakija kwetu walikuwa wanakuja na deni. Hoteli ingewaondoa wote kwa mkupuo bila mtu yeyote kuwafukuza. Wangeona tu bei kwenye fomu na kuiweka pembeni. Na bila wao, nani angekuja kuwa mhazini miaka ishirini mbele? Nilisema mahali tunapochagua ndipo panapoamua nani ni mmoja wetu, na kwamba mimi mwenyewe, muuguzi mwanafunzi kutoka Tanga, nisingefika kwenye mkutano wangu wa kwanza kama ungekuwa hotelini. Kura ilipigwa. Tulibaki shuleni, lakini kwa sharti la mhazini: kila klabu ya chuo kikuu iliyotaka nafasi ya mahema ilete watu wa kubeba madawati. Sharti lile lilikuwa la busara kuliko hotuba yangu. Vijana waliobeba madawati Ijumaa ndio waliokuja kuketi kwenye kamati.

Mwaka 2001 ulikuwa mgumu kwa njia nyingine. Februari ulizuka ugonjwa wa miguu na midomo kwa mifugo, wanyama zaidi ya milioni sita wakachinjwa, na mashambani kukafungwa. Mapango mengi ya Yorkshire mlango wake uko katikati ya malisho ya kondoo. Miezi ikapita hakuna anayeingia. Nilikwenda kukagua shule moja majira yale. Kwenye barabara palitandikwa mikeka iliyoloweshwa dawa, magari yanapita juu yake polepole, na mtu hakanyagi nyasi. Mkuu wa shule alikuwa na watoto ambao wazazi wao walipoteza mifugo yote. Tulizungumza kidogo sana juu ya ukumbi. Tangu hapo nilielewa vizuri zaidi kwamba mkulima anayekuruhusu kupita shambani kwake ana neno katika mkutano wetu, hata kama hatakaa kiti kimojawapo.

Kilichobadilisha kazi yetu kuliko ugonjwa ule kilikuwa mikataba. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 shule nyingi zilijengwa upya kwa mtindo wa kampuni binafsi kutoa fedha, kujenga, kisha kuendesha majengo kwa miaka ishirini na tano au zaidi huku serikali ikilipa. Majengo yakawa mazuri. Lakini funguo zilihamia kwa kampuni. Mkuu wa shule alikuwa radhi kutupokea, ila ukumbi baada ya saa za masomo haukuwa mikononi mwake. Ulikuwa na bei kwa saa, na saa za usiku zina bei yake, na mlinzi lazima awe wao. Tuliletewa makadirio ambayo yangemaliza akiba yetu yote kwa mkutano mmoja. Niliporudi kumtafuta mtunza majengo niliyemzoea, nilikuta namba ya simu ya kituo cha huduma kilichoko mji mwingine. Bima nayo ikawa jambo la kwanza kuulizwa. Hapo British Caving Association, iliyoundwa katikati ya miaka ya 2000, ilitusaidia kwa kuwa na bima moja ya wanachama wote. Lakini daftari langu la kijani lilizidi kupata kurasa zilizofutwa. Tulianza kutafuta shule kongwe, zenye rangi inayobanduka, ambazo mkuu wake bado ana funguo mfukoni.

Nilikabidhi kazi kwa mwanamke kijana aliyewahi kubeba madawati. Daftari nilimpa pia, na yeye akalihamishia kwenye kompyuta. Nilipata habari kwamba Agosti 2016 wenzangu walipokea kongamano la Ulaya huko Dalesbridge, Yorkshire, na wageni wakalala kwenye mahema. Nilifurahi sana, zaidi kwa hayo mahema.

Sasa nimerudi Tanga. Mwaka 1994 wapimaji wa Kijerumani na Kituruki walipima Amboni, na njia ya Mombasa hawakuikuta, ingawa wapo wanaokataa kuiacha. Vijana wanaoongoza wageni mapangoni walisikia kwa jirani kwamba bibi huyu alikuwa akiandaa mikutano Ulaya. Walikuja wanne, wakaniamkia, wakakaa barazani. Wanataka kukusanya wenzao: wa Shimoni na Suswa upande wa Kenya, wa pango la Kuumbi Unguja, na wengine wanaofanya kazi hii peke yao bila kujuana. Waliniuliza kama hoteli ya mjini itawafaa.

Niliwaambia hapana, watafute shule ya bweni. Hili ndilo jambo ambalo shule tulizotumia Uingereza hazikuwa nalo: vitanda. Desemba wanafunzi wamekwenda nyumbani, mabweni ni matupu, bwalo lina masufuria ya kupikia watu mia tano. Mvua za vuli zinaweza kuharibu hema lakini haziharibu bweni. Kijana kutoka Suswa atalipa nauli ya basi na chakula tu. Tukaandika orodha usiku ule: vyandarua, maji ya akiba umeme ukikatika, jenereta ya projekta, kibali cha wilaya, bei ambayo mwongoza wageni anaweza kuilipa bila kukopa.

Mmoja wao, msichana wa Kiomoni, akasema kuna jina halijaandikwa. Wazee wenye tambiko hawajaambiwa, na hatuwezi kualika watu kwenye pango lao kisha tuwaletee habari mwishoni. Nililiandika jina la mzee mkubwa juu kabisa ya orodha, kabla ya shule. Hupokea wageni asubuhi, kabla jua halijakolea. Alhamisi mimi na yule msichana tunakwenda kumwona.